Bili Inamfikia Nani?

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi na walimu wa somo la uchumi. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka nzima kama nilivyoisema. Michoro ya ukutani nimeiacha. Hamjapungukiwa na kitu.)

Walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, habari zenu.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasahihisha mtihani wenye swali fupi la alama mbili: ushuru wa forodha unalipwa na nani? Mwongozo wa usahihishaji ulisema: unalipwa na nchi inayouza bidhaa. Mwanafunzi mmoja akaandika: "Mwenye kununua, na mara nyingi hajui." Nikamwekea mkasi mwekundu. Sifuri kwa mbili. Alipokuja kuuliza, nikamwambia afuate mwongozo. Hakubishana. Aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni, akaondoka.

Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko mwongozo. Nimechelewa kumwambia, na leo nimekuja na swali lile lile la alama mbili. Sina jingine. Habari za uchumi wa dunia zinatujia kwa mafuriko: ushuru mpya, riba, madeni, njia za meli kufungwa, mapato ya mataifa kupanda na kushuka. Mwanafunzi anakariri maana ya kila neno na bado haelewi kinachotokea. Mimi nasema tuulize jambo moja tu: nani analipa?

Tuanzie baharini.

Tarehe 23 Machi 2021, meli ya makontena iitwayo Ever Given iliingia katika Mfereji wa Suez ikitokea kusini. Upepo ulikuwa mkali na vumbi limetanda. Meli ile ina urefu wa mita 400, na mfereji mahali pale ni mwembamba kuliko urefu huo. Ikayumba, pua ikajichimbia kwenye ukingo mmoja, mkia ukakwama upande wa pili. Njia ikawa imepigwa komeo. Mnaikumbuka ile picha ya katapila dogo likichokonoa udongo chini ya pua ya meli, kama mtu anayetaka kuuhamisha mlima kwa kijiko? Siku sita. Mamia ya meli zilipanga foleni pande zote mbili, kwenye njia iliyokuwa ikipitisha takriban asilimia 12 ya biashara ya dunia.

Sasa sikilizeni. Mwenye meli ni kampuni ya Japani. Aliyeikodi na kuitumia kibiashara ni kampuni ya Taiwani. Bendera yake ni ya Panama. Waliosimamia ufundi wake ni Wajerumani. Mabaharia 25, wote Wahindi. Ajali imetokea Misri. Niambieni, bili ni ya nani?

Watu wengi hudhani ni ya mwenye meli na bima yake, basi. Lakini bahari ina kanuni kongwe, ilijulikana hata kwa Warumi: chombo kikiwa hatarini na shehena ya mmoja ikatoswa ili wengine waokoke, hasara ni ya wote. Kanuni hiyo iko hai mpaka leo. Aprili 2021 mwenye meli aliitangaza rasmi. Maana yake ni kwamba kila mwenye mzigo katika yale makontena elfu kumi na nane na kitu alitakiwa kuchangia gharama za kuikwamua meli, kwa kadiri ya thamani ya mzigo wake, na atoe dhamana kabla hajakabidhiwa mali yake mwenyewe. Fikirieni mfanyabiashara mwenye kontena moja la viti. Hakushika usukani. Hakuuleta upepo. Pengine hajawahi kuiona Misri. Na Misri nayo ilikuwa imeizuia meli, madai ya fidia yakianzia zaidi ya dola milioni 900, hadi ilipoachiwa tarehe 7 Julai. Mtu yule amesubiri zaidi ya miezi mitatu, na juu ya kusubiri ameletewa bili.

Kwa nini meli moja ibebe makontena mengi kiasi hicho? Kwa sababu ni rahisi mno. Aprili 1956 Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, alisafirisha masanduku 58 ya chuma kwa meli kutoka Newark hadi Houston. Kupakia mzigo ovyo ovyo kwa mikono ya makuli kuligharimu karibu dola 6 kwa tani. Kwa masanduku yake, hesabu ilishuka chini ya senti 20. Sanduku lile limeibadilisha dunia kuliko mikataba mingi tunayoifundisha, na bado vitabu vyetu vinalipatia mstari mmoja, vikilikumbuka.

Bei ya kusafirisha ilipokuwa karibu na bure, viwanda vikatawanyika. Kitambaa huku, uzi kule, kifungo kwingine. Na wote tukajifanya kwamba njia zitakuwa wazi daima. Kisha Novemba 2023 Wahouthi, waasi wa Yemen, wakaanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, na kampuni kubwa za meli zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikirefuka kwa siku kumi na zaidi. Mwaka huo huo ukame ulipunguza maji ya Ziwa Gatun, linaloulisha Mfereji wa Panama, na meli zinazoruhusiwa kupita kwa siku zikapunguzwa sana. Vita upande mmoja, ukosefu wa mvua upande mwingine. Mafuta ya ziada, mishahara ya ziada, bima ya ziada. Hakuna anayekuletea karatasi iliyoandikwa "mchango wako kwa ukame wa Panama". Unakuta tu bei imepanda.

Sasa nije kwenye ushuru, maana hapa ndipo nilipomkosea yule kijana.

Januari 2018 Marekani ilitangaza ushuru kwenye mashine za kufulia nguo zinazotoka nje. Asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza katika mwaka, na zikizidi hapo, asilimia 50. Watafiti watatu wa uchumi walikaa wakafuatilia bei dukani. Walikuta nini? Bei za mashine za kufulia zilipanda kwa takriban asilimia 12. Zilizotoka nje zilipanda, na zilizotengenezwa ndani zikapanda pia, kwa sababu mshindani wako akilazimishwa kupandisha bei, wewe utaiachaje yako chini?

Lakini kilichonifurahisha mimi ni kingine. Mashine za kukaushia nguo nazo zilipanda bei, karibu kwa kiasi kile kile. Mashine za kukaushia hazikuwekewa ushuru! Hata senti moja! Nani anajua kwa nini?

(Mwanafunzi mmoja wa kike alijibu: "Zinauzwa pacha.")

Haswa. Wanunuzi wengi huzinunua mbili kwa pamoja, na zilikuwa zikiuzwa kwa bei inayolingana. Muuzaji akaona: badala ya kuupakia mzigo wote kwenye moja ukaonekana, augawe kwa mbili. Huyu binti amejibu kwa maneno mawili jambo ambalo mimi ningeliandikia ubao mzima. Ushuru umewekwa hapa, bili imetokea pale. Ukiufuata ushuru kwenye gazeti la serikali hutaiona mashine ya kukaushia. Ukimfuata mnunuzi, utaiona.

Na kazi je? Kazi zilipatikana, tusiwe waongo. Watafiti wale walikadiria ajira kama 1,800. Kisha wakazigawanya gharama walizobeba wanunuzi kwa hizo ajira, wakapata zaidi ya dola 800,000 kwa kila ajira moja kwa mwaka. Mfanyakazi hakulipwa hizo laki nane, bila shaka. Ndiyo maana kwenye ushuru siridhiki na swali la "umesaidia au haukusaidia". Umemsaidia fulani. Kwa fedha za nani?

Walimu wa hisabati mliojipenyeza humu, hii ni yenu. Tarehe 2 Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza viwango vipya vya ushuru kwa karibu dunia nzima. Wachambuzi wakaipekua ile orodha, na kanuni iliyotumika ikabainika kuwa ya darasani kabisa. Chukua nakisi ya Marekani katika biashara ya bidhaa na nchi husika, yaani kiasi ambacho inanunua kwake kuzidi inachomuuzia. Igawanye kwa thamani ya bidhaa zote ambazo nchi hiyo inaiuzia Marekani. Kisha gawa kwa mbili. Ikitoka ndogo, weka asilimia 10.

Tufanye pamoja. Nchi inaiuzia Marekani bidhaa za 100, na inanunua za 20. Nakisi ni ngapi? Themanini. Gawa kwa mia: asilimia 80. Nusu yake? Arobaini. Hicho ndicho kiwango chako, asante kwa kuja. Kwa njia hiyo Lesotho, nchi inayoiuzia Marekani nguo na almasi na isiyo na uwezo wa kununua mengi kutoka huko, ilijikuta na asilimia 50, miongoni mwa viwango vya juu kabisa katika orodha. Na visiwa vya Heard na McDonald, ambavyo havina binadamu anayeishi humo bali pengwini na sili, vikapewa asilimia 10. Naona mnacheka. Chekeni, lakini mkumbuke kwamba aliyekaa kwenye cherehani Lesotho hakucheka.

Kosa la kanuni ile liko wapi? Linaanza na dhana kwamba nakisi ni wizi. Shule inanunua chaki kila muhula, na mtengenezaji wa chaki hajawahi kununua chochote kwa shule hiyo. Nakisi mwaka hadi mwaka! Je, shule imeibiwa? Shule ina chaki. Mtengenezaji ana fedha, atanunua unga kwa mwingine, na huyo mwingine ana mtoto anayelipiwa ada. Kupima biashara kwa kuangalia watu wawili wawili ni kuliangalia duara ukaona mstari.

Viwango vingi vilisimamishwa wiki moja tu baadaye. Kwa China vikapanda hadi asilimia 145, kisha mwezi Mei vikashushwa hadi 30. Ninaogopa kusema viko wapi leo, kwa sababu huenda vimebadilika tangu nipande jukwaani. Hapo pana gharama nyingine isiyoandikwa popote: mwenye kiwanda asiyejua ushuru wa mwezi ujao haajiri, anangoja.

Nihamie kwenye madeni. Hapa nitakaa, mniwie radhi.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Sawa. Lakini kulipa kwa sarafu ya nani?

Septemba 2012 Zambia iliuza hati fungani yake ya kwanza, yaani hati ya mkopo wenye riba, katika masoko ya nje: dola milioni 750, riba ya asilimia 5.375 kwa mwaka. Wakopeshaji walijaa mlangoni. Maombi yalizidi fedha zilizotakiwa kwa zaidi ya mara kumi. Riba katika nchi tajiri ilikuwa karibu na sifuri, na wenye fedha walikuwa wakihangaika kutafuta pa kuziweka. Zambia ikarudi sokoni 2014 kwa dola bilioni 1, riba asilimia 8.5. Ikarudi tena 2015 kwa bilioni 1.25, riba karibu asilimia 9. Mmeiona ngazi hiyo? Kukopa arusi, kulipa matanga.

Chukueni kalamu. Bilioni 1 kwa asilimia 8.5 ni milioni 85 kwa mwaka. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kila awamu ni dola milioni 42.5. Ishikeni hiyo namba. Mwanzoni mwa 2013 dola moja ilikuwa kwacha 5 na kitu. Mwishoni mwa 2020 ilikuwa kwacha 21. Dola milioni 42.5 ambazo kwa bei ya 2013 zingekuwa kama kwacha milioni 225, sasa ni karibu kwacha milioni 900. Deni halijaongezeka hata dola moja. Riba haijabadilika hata nukta. Lakini serikali hukusanya kodi kwa kwacha. Mwalimu hulipa kodi kwa kwacha. Mzigo umekua mara nne, na hakuna aliyetia saini mkopo mpya.

Oktoba 2020, awamu ile ya dola milioni 42.5 ilifika, muda wa ziada ukaisha Novemba, haikulipwa. Zambia ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushindwa kulipa katika kipindi cha janga la korona. Sri Lanka ikafuata 2022, na Ghana ikafunga mwaka huo huo.

Unaweza kusema: walikopa wenyewe, wabebe wenyewe. Kuna ukweli ndani yake. Hakuna aliyewashikia mkono kusaini, na fedha zilivyotumika ni swali halali ambalo wananchi wa nchi zile waliliuliza kwenye sanduku la kura. Lakini aliyekopesha kwa asilimia 8.5 badala ya 2 alilipwa hiyo ziada kwa sababu ya hatari. Alikuwa akilipwa ili awe tayari kupata hasara. Hasara ilipofika, nani aliibeba, na baada ya muda gani?

Wadai wakubwa wa kiserikali, China ikiwa mkubwa wao, walifikia makubaliano Juni 2023. Wenye hati fungani walimalizana na Zambia katikati ya 2024. Karibu miaka minne! Si kwamba hesabu ilikuwa ngumu. Kila mdai alimtazama mwenzake. Nikisamehe mimi, si fedha zangu zitamlipa yule? Basi atangulie yeye. Na yeye anasema utangulie wewe. Wakati wanaangaliana, nchi haikopeki, mwekezaji yuko pembeni, na hospitali inangoja dawa. Kungoja nako kuna bei, na haiandikwi kwenye mkataba wowote.

Kisha kuna riba ya Marekani. Mfumuko wa bei nchini humo ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Benki kuu yao ikapandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Kwao lilikuwa jambo la ndani: kupoza bei zao. Lakini mwenye fedha anayepata asilimia 5 Washington bila jasho, kwa nini aende kukopesha mbali? Fedha zikarudi kwao, dola ikapanda, na kila mwenye deni la dola akaamka na mzigo mkubwa zaidi. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, lilieleza mwaka 2025 kwamba watu bilioni 3.4 wanaishi katika nchi zinazotumia fedha nyingi zaidi kulipa riba kuliko zinazotumia kwa afya au kwa elimu. Walimu, kauli hiyo ya mwisho inatuhusu sisi kwa jina.

Najua mnangoja akili mnemba. Sitaikalia, kwa kuwa kila mkutano siku hizi unaikalia. Niseme hili tu: tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2025 ilikwenda kwa Joel Mokyr, Philippe Aghion na Peter Howitt, waliochunguza jinsi uvumbuzi unavyokuza uchumi huku ukiua biashara zilizotangulia. Dunia kwa jumla hupata. Fundi aliyepitwa hapati kwa jumla; yeye ana kodi ya nyumba mwisho wa mwezi huu. Swali ni lile lile, nendeni mkaliulize.

La mwisho ni namba zenyewe. Nani kahesabu, na kahesabu nini?

Julai 2016 Ayalandi ilitangaza kwamba pato lake la mwaka 2015 lilikua kwa asilimia 26. Ishirini na sita! Kwa nchi tajiri hilo halipo. Je, watu wa Ayalandi walifanya kazi mara nyingi zaidi mwaka ule? Walijenga viwanda usiku? Hapana. Kampuni kubwa za kimataifa zilihamishia huko haki zao za uvumbuzi, hasa kwa sababu za kodi, na mapato yake yakahesabiwa ya Ayalandi. Karatasi zilihama. Na kwa kuwa nchi huchangia bajeti ya Umoja wa Ulaya kwa kufuata pato lake, utajiri ule wa karatasi ukaja na bili ya kweli. Baadaye wakatunga kipimo chao kingine kinachoondoa vitu hivyo. Simon Kuznets, aliyewajengea Wamarekani hesabu za pato la taifa, alikuwa ameonya tangu 1934 kwamba ustawi wa watu haupimiki kwa namba hiyo. Tulichukua namba, onyo tukaliacha mezani.

Au Nigeria. Jumapili tarehe 6 Aprili 2014, idara ya takwimu ilitangaza hesabu mpya. Ya zamani ilikuwa imejengwa juu ya uchumi wa 1990, kabla ya simu za mkononi, kabla filamu za Nollywood hazijawa biashara kubwa. Walipohesabu upya, pato la 2013 likawa kubwa kwa asilimia 89. Nigeria ikaipita Afrika Kusini na kuwa uchumi mkubwa kuliko wote barani, siku ambayo ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa.

Tazameni kilichofuata. Uwiano wa deni kwa pato la taifa ulishuka sana, na halikulipwa deni hata kobo moja. Mkopeshaji aliyeitazama nchi ile Ijumaa, akaitazama tena Jumatatu, aliona nchi mbili. Lakini uwiano wa kodi kwa pato nao ukashuka vile vile: serikali iliyodhani inakusanya kiasi cha wastani ikagundua kumbe inakusanya kidogo sana. Namba moja, siku moja, habari njema na habari mbaya. Swali la mtihani: Je, Nigeria ilitajirika Jumapili ile? Alama mbili. Nikabidhiwe mimi kusahihisha, safari hii nitasoma majibu kabla ya kusoma mwongozo.

Nimesimama mno. Kipaza sauti kiende kule safu ya nyuma, kuna kijana ambaye mkono wake uko juu tangu tulipokuwa kwenye pengwini.